Bosi kaandika eti nimekubali "tacitly", sasa ofisi nzima inaniona msaliti

Shikamoo Anti,

Nakusoma siku nyingi ila kuandika ndio naanza leo, naomba univumilie manake nina hasira na nina aibu kwa pamoja na sijui kipi kinazidi.

Iko hivi. Kuna dada tunafanya nae kazi alienda likizo ya uzazi. Kwenye kikao bosi akasema zile ripoti za mwisho wa mwezi alizokuwa anazifanya huyo dada itabidi mtu azishike, hakutaja jina la mtu ila alikuwa ananiangalia mimi. Sikusema kitu, na hakuna mwingine aliyesema kitu. Mwisho wa mwezi ukafika naona hakuna anayezigusa, nikazifanya mimi, nikazituma kwa jina langu. Mwezi uliofuata hivohivo, na uliofuata tena. Sasa yule dada karudi kazini, na siku hiyohiyo bosi kamwandikia imeli, mimi na timu nzima katuweka nakala, naiweka ilivo: "She has tacitly agreed to take over the reports." Yani hiyo "she" ndio mimi.

Hapo ndio balaa lilipoanzia. Kuna kaka mmoja ofisini ambaye kila mtu akikwama Kiingereza anakimbilia kwake, akawaambia watu tacitly maana yake kimyakimya, kwa siri. Kwahiyo stori iliyopo ni kwamba nilimfuata bosi chini kwa chini nikaomba kazi ya mwenzangu wakati yeye yuko anajifungua. Anti, yule dada hata salamu yangu haitikii. Watu wakiwa wanaongea nikiingia wanabadilisha mada.

Alafu hata tukiacha hayo ya siri, mimi SIJAKUBALI. Sikusema ndio, sikusaini popote, sikuandika popote. Mtu anasemaje nimekubali wakati sikufungua mdomo? Ripoti zenyewe zinanichelewesha kutoka kila mwisho wa mwezi na mshahara ni uleule.

Naomba nieleze hilo neno lina maana gani hasa, linatumikaje, na huyu bosi nimjibu nini. Nilishaanza kuandika "I never tacitly said yes" ila nikasita, nikasema ngoja nimuulize Anti kwanza.

Sikufungua Mdomo

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kuonekana umemzunguka mwenzio wakati yuko kwenye uzazi ni kitu kinachouma, na kinauma zaidi kama ni neno moja tu limesomwa vibaya.

Umefanya vizuri kusita. Hiyo sentensi yako ifute, sio kwasababu umekosea kukasirika, ni kwasababu "tacitly" na "said" haviwezi kukaa pamoja, ukishasema kitu kwa mdomo basi hakipo tena kwenye tacitly. Bosi akiisoma ataona hukuelewa neno lake, na mazungumzo yatahamia kwenye Kiingereza chako badala ya kukaa kwenye kazi yako.

Tacitly linatumika pale ambapo watu wamekubaliana, au mtu karidhia jambo, au karuhusu jambo, bila kulitamka wala kuliandika, ila matendo yake na mazingira yenyewe yanaonyesha karidhia. Angalia vizuri hapo kuna vitu viwili na lazima viwepo vyote: maneno hayapo, LAKINI makubaliano yapo. Wengi wanashika kile cha kwanza wanaacha cha pili, wanaona mtu kanyamaza wanasema basi, tacitly. Hapana. Mtu aliyenyamaza kwasababu hakusikia swali hajakubali chochote, aliyenyamaza kwasababu anaogopa kufukuzwa kazi nae ni kesi nyingine, na aliyenyamaza kwasababu bado anafikiria hajafika popote. Kimya ni kimya tu mpaka kuwe na kitu kingine pembeni yake kinachosema "huyu kakubali".

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, tacere, yani kunyamaza. Humohumo ndio imetoka tacit ambayo unaiweka mbele ya nomino, kama "tacit agreement", na taciturn, mtu mzito wa kuongea. Hata kwenye nota za muziki wa okestra mpigaji akikuta pameandikwa tacet anajua sehemu hiyo chombo chake kinakaa kimya. Kwenye kutamka, c hapo inasikika kama s na mkazo unakaa mwanzoni, TASitli, sio takitli.

Sasa twende kwa huyo kaka aliyewatafsiria, manake yeye ndio kakuchomea. Simlaumu sana, neno kimyakimya kwa Kiswahili lina sura mbili. Tukisema fulani kaondoka kimyakimya tunamaanisha kaondoka watu wasijue, kuna kujificha humo ndani. Tacitly haina hiyo sura. Siri inakuwa na mtu anayefichwa, wakati kwenye tacitly mara nyingi kila mtu anaona kinachoendelea, ila tu hakuna anayekitamka. Fikiria kikao, mwenyekiti anauliza kuna mwenye pingamizi, watu wote kimya, anaendelea na ajenda inayofuata. Hapo jambo limepita tacitly na limepita mbele ya macho ya watu wote. Upande wa pili, watu wawili wanaweza kujifungia ndani wakaongea mpaka usiku, wakaandikishana na kusaini, hiyo ni siri ila hakuna tacitly hata chembe, manake kila kitu kimetamkwa. Bosi angetaka kusema ulimfuata kwa siri angeandika "secretly". Alichoandika yeye, kwa Kiswahili cha kueleweka, ni "ameridhia bila kutamka", au "amekubali kwa vitendo". Hiyo ndio tafsiri ya kuwapelekea wenzio, na usiwapelekee "kimyakimya" tena hata kama kamusi itakupa, manake kwenye mazingira yenu hilo neno limeshaharibika.

Kwenye matumizi, hili neno lina marafiki zake na ukiwajua hutolikosea. Linaenda na agree, accept, approve, consent, acknowledge, admit, support, encourage. Mkuu anayeona vijana wake wanachelewa kila siku na hasemi kitu, unaweza kusema "he tacitly approved it", kalibariki kwa kutolikemea. Mtu anayeulizwa kama ni yeye aliyevunja kitu akainamisha kichwa bila kujibu, "she tacitly admitted it". Mara nyingi linakaa kabla ya kitenzi chake, na kama kuna has au had linaingia katikati, kama bosi alivoandika, "has tacitly agreed". Ila huwezi kula tacitly wala kutembea tacitly. Kutembea bila kelele ni quietly au silently, hizo zinaongelea sauti tu, na mtu anaweza kukaa silently kikao kizima huku rohoni anapinga kila kitu.

Kuna mawili yanayofanana nalo kwa macho na yanawachanganya watu, tactfully ni kwa busara na tactically ni kimkakati, hayana undugu nalo. La kuangalia zaidi ni implicitly, hilo kweli ni jirani yake na sehemu nyingi yanabadilishana, ila implicitly inaweza kutoka hata ndani ya maneno, yani mtu kaongea kitu kimoja na ndani yake kuna kingine hakukitaja. Tacitly inategemea kutokuongea. Alafu implicitly ina maana yake nyingine kabisa, "I trust her implicitly" ni namwamini moja kwa moja bila shaka, na hapo tacitly haiingii kamwe.

Kinyume chake ni expressly, au explicitly, yani kwa kutamka wazi. Hiyo shika, tutaihitaji.

Haya. Sasa swali lako la pili ambalo kwangu mimi ndio zito, ulikubali au hukukubali?

Hili swali sio lako peke yako, watu wameligombania karne na karne. Papa Bonifasi wa 8 alipotoa mkusanyiko wake wa sheria za kanisa mwaka 1298 aliweka mwishoni kanuni fupifupi, na kanuni ya 43 inasema anayenyamaza anaonekana amekubali. Hiyo ndio wakubwa wanaipenda kuliko zote. Ila geuza macho kidogo tu kwenye ya 44, inayofuata palepale, inasema anayenyamaza hajakiri, ingawa hajakana pia. Yani kanuni mbili zimekaa jirani na zinavutana, na wanasheria waliokuja baadae wakawa wanaongezea kwenye ile ya kwanza kwamba ni pale tu mtu alipokuwa anatakiwa kuongea na alikuwa na uwezo wa kuongea. Mimi hapo ndio nimesimama. Ulitakiwa kuongea? Uliweza?

Uingereza kuna kesi maarufu ya mwaka 1862, Felthouse na Bindley, wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Mzee Felthouse alitaka kununua farasi wa mtoto wa ndugu yake, akamwandikia barua kwamba nisiposikia kitu kutoka kwako nitahesabu farasi ni wangu kwa pauni 30 na shilingi 15. Kijana hakujibu. Ila rohoni alitaka kumuuzia, mpaka akamwambia dalali wa mnada huyu farasi usimuuze, dalali akasahau akamuuza, mzee akamshitaki dalali, ndio huyo Bindley. Mzee akashindwa. Mahakama ikasema huwezi kumtwisha mtu mzigo wa kukujibu, ukaamua mwenyewe kwamba asipojibu kakubali. Na ona, huyo kijana moyoni ALIKUWA anataka, na bado kimya chake hakikutosha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya bidhaa kimataifa, wa mwaka 1980, nao umeandika hivohivo kwenye kifungu cha 18, kunyamaza au kutofanya kitu peke yake sio kukubali.

Kwahiyo kile kikao, bosi kukuangalia na wewe kunyamaza, mwanangu pale hukukubali kitu. Hakutaja jina lako. Mlinyamaza wote, ingekuwa kunyamaza ndio kukubali basi timu nzima mlizichukua ripoti siku ile.

Ila sasa nikwambie na upande usioupenda, manake nisipokwambia mimi bosi atakwambia. Hicho kifungu cha 18 hakiishii kwenye kimya, kinasema pia tendo la mtu linaloonyesha karidhia linahesabika kuwa kukubali. Najua hicho ni cha mauziano ya bidhaa na sio cha ajira, ila akili yake ni ileile utakayoikuta kila mahali. Na wewe ulifanya tendo. Ulizifanya zile ripoti, ukaweka jina lako, ukatuma, mwezi wa pili ukarudia na wa tatu ukarudia, hakuna mahali uliposema hii nasaidia tu. Mtu akiangalia kwa nje anaona mtu kaikubali kazi. Kwahiyo bosi hakulitoa hewani hilo neno, ana kitu cha kuonyesha, na ukimjibu kwamba hukukubali CHOCHOTE utapoteza, atafungua tu imeli zako za ripoti.

Kosa lake liko kwingine na hapo ndio pa kushika kwa mikono miwili. Makubaliano ya bila kutamka hayavuki mipaka ya kile ulichokitenda. Ulichotenda wewe ni kushikilia ripoti wakati mwenyewe hayupo. Likizo ya uzazi ina mwisho na kila mtu ofisini alijua ina mwisho. Huwezi kuchukua miezi ya kumshikia mtu ukaigeuza kuwa kuzirithi moja kwa moja. "To cover" ni kitu kimoja, "to take over" ni kitu kingine, na bosi kaliazima tendo la kwanza akalitumia kuthibitisha la pili. Ulikubali bila kutamka kushikilia kwa muda, ndio. Kuzichukua kabisa, hapana, na hakuna tendo lako hata moja linaloonyesha hilo.

Kuna jambo jingine nalisema kwa uchungu kwasababu naliona kwenye barua nyingi zinazonifikia. Tunaambiwa mfanyakazi akiendelea kufanya basi karidhika, asingeridhika angeondoka. Hii hoja ni ya zamani. Mwanafalsafa wa Uingereza, John Locke, mwaka 1689 aliandika kwamba hata mtu anayepita tu kwenye barabara ya nchi fulani ameshakubali bila kutamka kutii serikali ya nchi hiyo. Mwanafalsafa mwingine, David Hume wa Uskoti, akaijibu hoja hiyo mwaka 1748, akasema ni sawa na kudai mtu aliye ndani ya meli amekubali kwa hiari utawala wa nahodha, wakati alibebwa akaingizwa humo amelala, na akitaka kutoka ni kuruka baharini afe. Mimi na Hume kabisa. Kukubali kunahesabika pale ambapo kukataa kuliwezekana bila mtu kuumia. Binti aliye chini ya bosi, anaangaliwa yeye mbele ya kikao, ripoti zina tarehe na zisipotoka timu nzima inalaumiwa, hiari yake hapo ni ndogo sana, na kiongozi muungwana anatakiwa kulijua hilo na kuuliza kwa mdomo, je utaweza, mpaka lini, tukupunguzie nini.

Ili usidhani kimya hakihesabiki kokote, kinahesabika, pale watu walipopatana mapema kwamba kitahesabika. Ule mkataba wa usalama wa meli na watu baharini wa mwaka 1974, SOLAS, marekebisho yake mengi yanapita hivo, nchi zinapelekewa mabadiliko na kupewa muda wa kupinga, na zisipopinga za kutosha ndani ya muda huo yanahesabika yamekubaliwa. Ila angalia tofauti, nchi zote zilijua sheria ya mchezo kabla, muda unajulikana, na namna ya kukataa inajulikana. Kwenye kikao chenu hakukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa cha kufanya. Anza na yule dada, kabla ya bosi, na umuone uso kwa uso, sio meseji. Usianze na somo la Kiingereza. Mwambie, "Dada, ripoti zako nilizishikilia kwasababu zilikuwa zinakaa bila mtu, sikwenda kwa bosi kuziomba na sizitaki, leo namwandikia na wewe utaiona." Akitaka kujua kuhusu neno ndio umweleze kwamba halina siri ndani yake. Akiendelea kununa mpe muda, kajifungua juzi tu na amerudi kakuta kazi yake ina jina la mtu mwingine, hata ingekuwa wewe.

Alafu muone bosi, ongea nae kwa adabu, na mkimaliza andika imeli, nakala kwa walewale wote aliowaweka yeye, manake tuhuma imesomwa na timu nzima na jibu lisomwe na timu nzima. Fupi. Kama mnaandikiana Kiingereza weka hivi: "I prepared the reports to cover for my colleague while she was on leave. I did not agree, expressly or tacitly, to take them over permanently. I am ready to hand them back this week." Umeona expressly imeingia wapi? Hizo mbili zikikaa pamoja zinafunga milango yote, kwa kutamka sikukubali na kwa vitendo sikukubali. Hapo neno lake umelitumia mwenyewe, sawasawa, na watakaosoma wataelewa kwamba hukuwa na siri na mtu.

Kama moyoni unazitaka hizo ripoti, na wala sio dhambi kuzitaka, basi usitume hiyo, kaa na yule dada na bosi wote watatu muongee, na swala la mshahara na muda wa kutoka lisemwe palepale. Ila kwa ulivoandika sioni kama unazitaka.

Hiyo imeli iende kabla ya mwisho wa mwezi huu. Ukizifanya tena safari hii wakati mwenyewe karudi na yuko kwenye kiti chake, ile hoja ya kwamba ulikuwa unamshikia inakufa, na hapo bosi atakuwa na haki ya kusema tacitly kuliko mwanzo. Ukilazimika kuzifanya kwasababu makabidhiano hayajakamilika, andika juu kabisa ya imeli unayozituma nayo kwamba hizi ni za mwisho na kuanzia mwezi ujao zinarudi kwa mwenyewe.

Na bosi asipojibu? Usihesabu amekubali, na tafadhali usimwandikie kwamba usiponijibu mpaka Ijumaa nitajua umekubali, utakuwa umegeuka mzee Felthouse. Mfuate umuulize tena kwa mdomo, atakachokujibu kiandike siku hiyohiyo umtumie, "kama tulivoongea leo asubuhi, ripoti zinarudi kwa fulani kuanzia tarehe fulani", na nakala kwa yule dada.

Anti